Somo: Safari ya Siku Moja kwa Tanga katika Ghuba ya Speke



Mkoa wetu wa Simiyu unajulikana kwa pamba, mahindi na mifugo. Wengi wetu tunaoishi Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu tumezoea jembe, plau na mkokoteni wa ng'ombe. Lakini tusisahau kwamba mkoa wetu una pwani. Wilaya ya Busega inapakana na Ziwa Viktoria. Ukitoka Bariadi kwa barabara ya lami, mwendo wa kilometa 70 hivi, unafika Lamadi. Hapo maji hayako mbali.

Watu wetu huenda ziwani kila siku. Wako wanaofuata dagaa. Wako vijana wanaokwenda kuvua baada ya kuuza pamba. Wako akina mama wanaokwenda kuwaona watoto wao walioolewa visiwani. Wengi hupanda chombo bila kujua kinakwendaje, wala saa zipi ni za hatari. Asiyejua haulizi. Asiyeuliza hapati nafasi ya kukataa.

Katika somo hili tutajifunza mambo manne:

1. Ghuba ya Speke ni nini, na nani walisafiri humo zamani.
2. Kwa nini upepo wa asubuhi si sawa na upepo wa mchana.
3. Jinsi chombo cha tanga kinavyosafiri kutwa kando ya pwani.
4. Mambo ambayo abiria anapaswa kuyaangalia kabla ya kupanda.

GHUBA YA SPEKE

Ghuba ni mkono wa ziwa au bahari ulioingia ndani ya nchi kavu. Ghuba ya Speke ni mkono mrefu wa Ziwa Viktoria unaoelekea mashariki. Upande wa kusini ni pwani ya Magu na Busega. Upande wa kaskazini ni pwani ya Bunda na kisiwa cha Ukerewe. Mwisho wake wa mashariki uko karibu na Lamadi. Mto Simiyu, ambao umeupa mkoa wetu jina, humwaga maji yake katika ghuba hii, upande wa Magu.

Jina la Speke ni la Mwingereza John Hanning Speke. Alifika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 na kuliona ziwa. Yeye ndiye aliyelipa jina la malkia wao Viktoria. Lakini ziwa lilikuwa na wenyewe tangu zamani. Wasukuma, Wakerewe, Wakara na Wajita walivua na kusafiri humo kwa mitumbwi kabla ya mgeni huyo kuzaliwa.

Miaka 17 baadaye alikuja mgeni mwingine, Henry Morton Stanley. Safari yake inatuhusu zaidi, maana ilikuwa safari ya kufuata pwani kwa mashua yenye tanga. Mashua hiyo iliitwa Lady Alice. Iliundwa Uingereza kwa vipande vilivyoweza kufunguliwa. Wapagazi waliondoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874, wakabeba vipande hivyo mabegani mpaka Usukuma. Walifika ziwani mwishoni mwa Februari 1875, katika kijiji cha Kageye kwenye ghuba hii. Hapo wakaviunganisha vipande, mashua ikawa tayari.

Tarehe 8 Machi 1875 Stanley aliondoka Kageye na watu 11. Hao walikuwa mabaharia kutoka Unguja na pwani, wenye kusema Kiswahili kama sisi. Kwanza walielekea mashariki, wakafuata pwani ya Magu, wakapita mdomo wa mto Simiyu. Waliendelea kulizunguka ziwa, wakarudi Kageye mwanzoni mwa Mei. Stanley ndiye aliyeandika kitabu, lakini walioshika makasia na usukani ni Waswahili.

Katika miaka hiyo hiyo mfanyabiashara kutoka pwani aliyeitwa Songoro alikuwa akiunda jahazi huko Ukerewe. Tanga la pembe tatu, tunaloliona ziwani mpaka leo, lilikuja na watu kama hao. Siku hizi vyombo vingi vina injini. Hata hivyo tanga halijaisha, kwa sababu halinywi mafuta.

UPEPO WA NCHI KAVU NA UPEPO WA ZIWANI

Mkulima hutazama mawingu ndipo apande. Nahodha hutazama upepo ndipo atweke tanga. Kutweka ni kupandisha tanga mlingotini. Upepo wa ziwa letu una desturi yake. Tufanye jaribio dogo ili tuielewe.

Chukua karai mbili. Moja weka mchanga mkavu, nyingine weka maji. Ziache juani tangu asubuhi. Saa 7 mchana gusa mchanga, kisha gusa maji. Mchanga utakuchoma kidole, lakini maji yatakuwa na uvuguvugu tu. Ziache nje usiku kucha. Alfajiri gusa tena. Mchanga umekuwa baridi kabisa, lakini maji bado yana uvuguvugu kidogo. Tumejifunza nini? Nchi kavu hupata joto upesi na hupoa upesi. Maji hupata joto polepole na hupoa polepole.

Sasa kumbuka moto wa jikoni. Moshi na hewa ya moto hupanda juu. Hewa baridi huingia chini kujaza nafasi. Ziwa na nchi kavu hufanya hivyo hivyo.

Mchana nchi kavu ina joto kuliko ziwa. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na hewa baridi ya ziwani huja kujaza nafasi yake. Kwa hiyo mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Huo ni upepo wa ziwani.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu imepoa, maji bado yana joto. Hewa ya nchi kavu hutiririka kuelekea ziwani. Huo ni upepo wa nchi kavu. Huvuma usiku na alfajiri, na hupungua jua linapopanda.

Kwa mtu anayetoka Lamadi kuelekea magharibi, upepo wa alfajiri unamsukuma mgongoni. Upepo wa mchana unampiga usoni. Kwa mtu anayerudi Lamadi ni kinyume chake: mchana ndio wakati wake mzuri. Wavuvi hawakufundishwa hayo shuleni, lakini wanayajua. Hutoka na upepo wa nchi kavu, hurudi na upepo wa ziwani.

Lakini jihadhari. Ziwa letu ni kubwa, na limezungukwa na nchi kavu pande zote. Usiku hewa hutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa. Hewa hizo zikikutana hupanda juu na kufanya mawingu makubwa ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi za katikati ya ziwa hutokea usiku na alfajiri. Mchana dhoruba huwa zaidi upande wa nchi kavu na karibu na pwani. Basi desturi ya upepo inatusaidia, lakini haituondolei kazi ya kutazama mbingu.

SAFARI YA KUTWA

Sasa tuchukue mfano wa safari moja. Mfano huu tumeutunga ili utufundishe.

Mama mmoja mkulima ametoka Bariadi jana. Amelala Lamadi. Anakwenda kwenye kisiwa kimoja cha ghuba kumwona binti yake aliyejifungua. Amebeba unga wa uji na karanga. Chombo ni mashua ya tanga moja. Ina nahodha mzee, mabaharia 2 na abiria 6. Njia yote ni kama kilometa 40. Kilometa 34 ni za kufuata pwani mpaka kwenye rasi, yaani ncha ya nchi kavu iliyoingia majini. Kilometa 6 za mwisho ni za kuvuka maji mapana kuelekea magharibi mpaka kisiwani.

Saa 11 alfajiri. Nahodha hatweki tanga mara moja. Anasimama ufukweni na kutazama mbingu upande wa magharibi. Anatafuta umeme wa mbali. Hakuna. Jana jioni alisikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa katika redio. Anahesabu watu na mizigo. Mizigo mizito inawekwa chini, katikati ya chombo, si upande mmoja wala juu. Kila abiria anavaa jaketi la kujiokolea, na kamba zinafungwa. Mtu mmoja anataka kulikalia kama mto. Nahodha anamwambia, "Kaka, jaketi ulilolikalia litaokoa mashua, wewe halitakuokoa. Livae."

Saa 12 asubuhi. Tanga linatwekwa. Upepo wa nchi kavu unatoka nyuma. Baharia mmoja ameshika demani, yaani kamba inayokaza na kulegeza tanga. Nahodha ameshika usukani. Mashua inakwenda kilometa 7 kwa saa, kama mtu anayeendesha baiskeli polepole. Nahodha hakai mbali na pwani, wala hakai karibu mno. Akikaa mbali, dhoruba ikija hana pa kukimbilia. Akikaa karibu mno, atapanda mawe, au ataingia katika matete wanamokaa viboko na mamba. Midomo ya mito ndiyo ya kuangalia zaidi. Huko maji ni machafu, mchanga umejaa chini, na viboko hupapenda.

Saa 4 asubuhi. Jua limepanda. Upepo wa nchi kavu umekwisha, na wa ziwani haujaanza. Tanga linaning'inia kama nguo kwenye kamba. Mashua imekwenda saa 4, nayo imekata kilometa 28. Sasa wanashika makasia. Kwa makasia wanakwenda kilometa 3 tu kwa saa.

Saa 6 mchana. Wamefika kwenye rasi. Kisiwa kinaonekana. Mabati ya nyumba yanang'aa. Upepo wa ziwani umeanza kuvuma kutoka magharibi, na kisiwa kiko huko huko magharibi.

Je, mashua ya tanga inaweza kwenda mbele upepo ukitoka mbele? Inaweza, lakini si kwa njia iliyonyooka. Mkokoteni wa ng'ombe hauwezi kupanda mlima mkali moja kwa moja. Hupanda kwa kukata upande, kisha hugeuka na kukata upande wa pili. Mashua nayo hukata upepo kwa upande wa kulia, kisha hugeuka na kukata kwa upande wa kushoto. Kwenda hivyo kunaitwa kubisha. Njia ya kilometa 6 kwa kubisha inaweza kuwa kilometa 10 au zaidi. Itachukua saa 3 hivi, na muda wote huo mawimbi yanapiga kutoka mbele.

Nahodha anatazama nyuma, upande wa nchi kavu. Mawingu meupe yaliyokuwa madogo saa 4 sasa yanapanda kama kichuguu. Chini yameanza kuwa meusi. Anaelekeza mashua ufukweni.

"Tunashuka hapa," anasema. "Tutavuka kesho alfajiri."

Abiria wananung'unika. Kijana mmoja anasema, "Mzee, kisiwa si kile pale? Hata jogoo akiwika tunamsikia!"

Mama wa Bariadi anasema kwa upole, "Mzee wangu, binti yangu amejifungua juzi. Yuko peke yake na wakwe. Nimesafiri siku mbili sasa. Tukivuka upesi hatutafika?"

Nahodha anamjibu, "Mwanangu, labda tutafika. Lakini mimi sisafirishi watu kwa labda. Binti yako anakusubiri wewe, hasubiri habari zako. Na huyo mjukuu hajui leo wala kesho."

Mama ananyamaza. Hakuridhika, lakini anashuka.

Saa 10 jioni. Wingu limefika. Upepo umegeuka ghafula na kupiga kwa nguvu kutoka nchi kavu. Mvua inanyesha, radi zinapiga. Maji yaliyo kati ya rasi na kisiwa yamejaa mawimbi yenye povu jeupe. Abiria wanatazama wakiwa wamejikunyata chini ya paa la banda la wavuvi. Yule kijana hasemi kitu. Kama wangeendelea, saa hii wangekuwa wamefika kisiwani, au wangekuwa wamechelewa njiani. Hakuna ajuaye.

Kesho yake saa 12 asubuhi mbingu ni safi. Upepo wa nchi kavu unatoka nyuma. Kilometa 6 zinakatwa kwa dakika 50 hivi, bila kubisha hata mara moja. Mama anamkuta mjukuu amelala, naye binti anauliza, "Mama, jana mvua ile ilikukutia wapi?"

KWA NINI TUJIFUNZE HAYA

Ziwa letu limechukua watu wengi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya wananchi walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilaya ya Ukerewe. Watu 228 walikufa. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa kufika. Kwa hiyo kuona nchi kavu si sawa na kufika.

Hivyo vilikuwa vyombo vikubwa, na nchi nzima ilipata habari. Mashua na mitumbwi huzama bila kutangazwa. Huacha wajane na yatima vijijini, na habari huishia msibani.

MAMBO YA KUANGALIA KABLA YA KUPANDA

1. Chombo. Je, kimekaguliwa? Kazi ya kukagua vyombo vya majini ni ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Mwulize nahodha cheti. Kuuliza si ugomvi.

2. Uzito. Hesabu watu na mizigo. Tazama ubavu wa chombo. Maji yakiwa karibu na ukingo wakati ziwa limetulia, je, likichafuka itakuwaje?

3. Jaketi. Livae tangu mwanzo. Mashua ikipinduka hutapata nafasi ya kulifunga. Dumu tupu lenye kifuniko lililofungwa vizuri linasaidia kuelea, lakini si badala ya jaketi.

4. Mbingu na saa. Sikiliza utabiri redioni. Kama nahodha anasema twende na wewe unaona wingu jeusi, sema. Kama nahodha anasema tungoje, ngoja. Usimtukane wala usimwongezee nauli ili avuke.

5. Dhoruba ikikukuta njiani. Kaa chini, usisimame. Watu wakisimama au kukimbilia upande mmoja, chombo hupinduka. Waache mabaharia washushe tanga. Wengine toeni maji kwa ndoo au kopo.

6. Chombo kikipinduka. Kishikilie. Mashua ya mbao huelea hata ikijaa maji. Pwani huonekana karibu kuliko ilivyo, na wengi hufa kwa kujaribu kuogelea kuifuata. Tena mtu anayeshikilia chombo huonekana na waokoaji upesi kuliko kichwa kimoja majini.

7. Kuaga. Kabla ya kuondoka mwambie mtu unapanda chombo gani, unakwenda wapi, na utafika lini. Usipofika, atajua pa kuanzia kutafuta.

MANENO YA KUKUMBUKA

Tanga: kitambaa kinachoshika upepo na kusukuma chombo.
Mlingoti: mti uliosimama katikati ya chombo.
Foromali: mti unaoshikilia tanga juu ya mlingoti.
Demani: kamba ya kukaza na kulegeza tanga.
Usukani: ubao wa nyuma unaogeuza chombo.
Kubisha: kwenda kinyume cha upepo kwa kukata upande huu na upande ule.
Rasi: ncha ya nchi kavu iliyoingia majini.

HESABU

Mashua imeruhusiwa kubeba kilo 900. Ina watu 9, wakiwemo nahodha na mabaharia. Tuseme kila mtu ana kilo 70. Kuna magunia 2 ya mahindi, kila moja kilo 100.

Watu: 9 × 70 = kilo 630.
Mahindi: 2 × 100 = kilo 200.
Jumla: 630 + 200 = kilo 830.
Nafasi iliyobaki: 900 − 830 = kilo 70.

Anakuja mtu wa kumi. Yeye ana kilo 70, na mzigo wake wa dagaa ni kilo 40. Je, apande na mzigo wake? Apande bila mzigo? Au angoje chombo kingine? Piga hesabu, kisha toa sababu zako.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtu anayetoka Lamadi kwenda magharibi aondoke alfajiri?
2. Anayerudi Lamadi kwa tanga aondoke saa ngapi? Eleza.
3. Nahodha wa mfano wetu alipoteza nusu siku. Alipata nini?
4. Kama ungekuwa yule mama, ungemwambia nini nahodha? Kama ungekuwa nahodha, abiria wote wakikulazimisha kuvuka, ungefanyaje?
5. Katika kijiji chenu nani huenda ziwani? Je, wana jaketi? Mnaweza kufanya nini pamoja ili wasisafiri bila jaketi?

Msomee somo hili jirani asiyejua kusoma, hasa kama ana mtoto anayefanya kazi ziwani.